Samadari Juu ya Keria

Mama alikataa treni kwa sababu treni haingeichukua samadari yake. Ni kitanda cha mbao nyeusi, chenye ubao wa kichwani mrefu kama mlango, na ndicho alichotuzalia sote nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa. Sasa mdogo wangu aliyeolewa Nairobi alikuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza, na Mama alitaka arubaini yake, zile siku arobaini za uzazi, aikalie juu ya kitanda hicho.

"Nairobi vitanda viko, Mama," nilimwambia.

"Viko. Lakini hiki nakijua mimi."

Wanaume wa mtaani wakakibeba kupitia vichochoroni hadi Makadara, ninakouza vitambaa na kuegesha gari langu. Mume wangu akakifunga juu ya keria, kwenye paa la gari: miguu, mbavu, godoro la sufi, na ubao wa kichwani umesimama wima mbele ya yote. Nililizunguka gari, nikalizunguka tena.

"Huo ubao haulali?"

"Ukilala utachubuka nakshi. Ingia, twende zetu."

Wiki ile petroli ilikuwa shida nchi nzima. Nilikaa kwenye foleni mchana kutwa hata nikajaza tangi, na tangi moja hunifikisha Nairobi na kubakisha. Njia ile naipita kila ninapofuata mali ya duka. Kwa hivyo hesabu yangu ilikuwa sawa. Tukaondoka baada ya sala ya alfajiri, mume wangu kando yangu, Mama nyuma na vikapu vyake.

Tangu Mariakani nilijua kuna kitu. Usukani ulikuwa mzito, gari linaburuta kama linalopita mchangani. Juu ya vichwa vyetu ubao ulikuwa ukivuma, na kila nikiongeza mwendo ulivuma zaidi, nami nikizidi kukanyaga mafuta ili gari liende. Macho yangu yakawa hayatoki kwenye mshale wa petroli. Mume wangu akaufunika kwa kiganja.

"Tazama barabara."

"Toa mkono wako."

Tulipopita Mackinnon Road simu ya Mama ikalia. Alikuwa mkwe wake wa Nairobi. Uchungu umeanza, kabla ya siku zake, na wako hospitalini. Mama akasema "Ya Rabi," kisha akaanza kufunga na kufungua kamba za kikapu. Mimi nikakanyaga. Upepo ukapiga ule ubao mpaka gari likayumba, na mshale ukawa unashuka mbele ya macho yangu. Kwa kawaida nusu ya tangi huiona nikiwa nimeipita mbali Mtito Andei. Siku ile, kabla ya Voi, mshale ulikuwa umeikaribia.

Voi tulikuta kituo cha kwanza kimefungwa, na cha pili pampu zake zimefunikwa magunia. Fundi wa matairi ndiye pekee aliyekuwa kazini. Nikamwambia apime upepo. Akapima moja, akanitazama, akapima yote.

"Dada, haya yamelegea. Nani aliyatoa upepo?"

"Mimi," mume wangu akasema. "Nilidhani mzigo mzito na lami ya moto, yakijaa yatapasuka."

"Mzigo ndio unaotaka upepo kamili," nikasema, na sauti yangu ikapanda pale mbele za watu. "Tairi laini linanata barabarani, linakula mafuta! Na juu umenisimamishia ukuta! Tutafikaje?"

Mume wangu akavua kofia, akafuta jasho nayo. Fundi akaendelea kujaza, nami nikawa natembea kutoka gurudumu hili hadi lile kana kwamba kutembea kwangu kutayaharakisha.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama akashuka, akakitazama kitanda chake juu ya gari.

"Kishusheni," akasema.

"Mama, tutakiacha wapi?"

"Nimesema kishusheni. Mwanangu anazaa bila mimi."

Kando ya fundi palikuwa na mkahawa mdogo, na mwenyewe, mwanamke wa makamo, alikuwa mlangoni akituangalia. Mama akamwendea, wakasalimiana, akamweleza. Yule mwanamke hakuuliza jina wala kwetu.

"Kiingizeni chumba cha nyuma. Mwanao kwanza."

Kilipokwisha kushushwa, gari lilikuwa jingine. Mvumo uliisha, usukani ukawa mwepesi, nami nikajilazimisha kwenda mwendo wa wastani. Mshale ukatulia. Tulipofika Emali mume wangu akamenya chungwa akanipa, nikalipokea.

Taa ya petroli iliwaka tukiingia Nairobi, na gari halikuzima. Mtoto alikuwa amezaliwa tukiwa njiani, msichana, mzima. Mdogo wangu alipomwona Mama mlangoni alilia kama aliyepigwa, na Mama akapanda juu ya kile kitanda cha chuma cha hospitali akamkumbatia huko huko. Arubaini ilikaliwa juu ya kitanda cha dukani.

Ilipokwisha, nilikwenda tena Nairobi na mume wangu kumchukua Mama. Tukirudi naye tukasimama Voi kuchukua samadari. Kamba tulikuwa nazo. Yule mwanamke wa mkahawa akatupeleka chumba cha nyuma, akisita. Juu ya kitanda amelala bibi kizee, mkono mmoja umekufa, amefunikwa leso.

"Ni mamangu," akasema. "Alianguka baada ya nyinyi kupita. Nikamlaza hapo kwa sababu pana nafasi ya kumgeuza. Nisameheni, nitamwondoa sasa hivi."

Mama akamshika mkono asiende. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamsalimia yule bibi, akaanza kumpepea kwa ncha ya buibui.

"Usimwondoe," akasema. "Kitanda kimepata mwenyewe."

Nikatoka nje. Jua lilikuwa kali, duka langu limefungwa tangu jana, na Mombasa bado mbali. Nikatazama matairi, nikafungua mlango wa gari, nikaufunga. Mume wangu alikuwa ameagiza chai. Kutoka ndani nikasikia Mama na yule bibi wakizungumza polepole, na mmoja wao akicheka.

Nikarudi, nikavua viatu mlangoni, nikaketi kwenye mkeka kando yao.