Vifuko Vyangu na Darsa ya Hirizi

Sifa zote ni za Mola, aliyenipa mikono ya kufanyia kazi na haya ya kuniuma ninapokosea.

Nilipostaafu nilijifunza kushona vifuko vya ngozi vya mtindo wa kale, vile watu wa zamani walivyokuwa wakining'iniza kiunoni, vyenye nakshi za kugongwa kwa nyundo. Nikawa naviuza sokoni Matrah, dukani kwa rafiki yangu. Wageni walipenda vikubwa. Mama zetu wa Unguja wanaoishi huku walitaka vidogo tu, kama tende, tena vyenye kamba.

"Na unisomee, Maalim," aliniambia Bi Zuwena, wa mwanzo kununua.

Nikamwombea kheri, kama nnavyomwombea kila mteja. Wiki ya pili akaja na mashoga zake sita, wote wakitaka kusomewa. Nikajiona fundi kwelikweli.

Kisha ikafika zamu yangu ya darsa msikitini, Khuwair, baada ya Magharibi. Nikasomesha ubaya wa hirizi. Nilipopata moto nikauliza, "Nani huyo asiyemcha Mungu, anayewashonea Waislamu vingozi hivi?"

Mzee Seif, mume wa Bi Zuwena, akakunja mkono wa kanzu taratibu.

"Maalim, kifuko hiki nnacho tangu Ijumaa. Nakshi zako, na kisomo chako. Sasa nikivue, au?"

Nyuma ya pazia, wanawake walicheka mpaka wakakohoa.

Nawe msomaji, Mola akusitiri, na akikufedhehesha, iwe mbele ya watu wanaokupenda.