Siku Nilipomwaga Samaki wa Dada Zena Nikidhani Niko Kwenye Televisheni

Pale Misugusugu kuna watu mpaka leo wakiniona kwa mbali wananiita Shefu, na nawahakikishia hawanisifu. Nimejaribu kununa, nimejaribu kujifanya kiziwi, mwishowe nimeona bora nieleze mwenyewe, maana aibu yangu ikisimuliwa na wengine inaongezwa vitu ambavyo sikufanya, kama vile kupiga magoti mbele ya bata. Bata walikuwepo, ndiyo. Magoti sikupiga.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Baada ya kidato cha nne niliondoka Kibaha na begi moja nikiaga kwamba narudi baada ya miezi sita, nikarudi baada ya miaka ishirini na ushee. Nimekaa Tunduma, nikavuka Zambia, nikaingia Malawi, nikarudi Zambia tena, na kote huko nilikuwa nikiota samaki wa Ruvu anayetokota kwenye tui la nazi (ukiwa ugenini kumbukumbu hupika vizuri kuliko mtu yeyote). Kazi yangu ya mwisho ilikuwa ya kutunza stoo ya hoteli moja ndogo mjini Ndola. Mwenye hoteli aliweka televisheni ukumbini, na kuanzia asubuhi hadi jioni haikuonyesha kitu kingine ila vipindi vya wapishi na migahawa. Nilivitazama miaka minne. Wengine wana diploma, mimi nina hiyo.

Sasa, vipindi hivyo si sawa vyote, na hapa naomba mniamini kama mtaalamu. Kuna vya mashindano: wapishi wamepangwa kwenye meza, saa inawakimbiza, majaji watatu wanaonja kijiko kimoja na kusema maneno mia mbili, kisha mmoja anavua aproni na kwenda kwao akilia. Kuna kimoja cha mama mpole, anayekaa na wenye mgahawa wiki nzima, anaosha nao vyombo, anauliza habari za watoto wao (kikianza hicho mimi nilikuwa natoka nje kunyoosha miguu). Halafu kuna mfalme wao, kile cha mwokoaji: mgahawa umedorora, wateja wamekimbia, mwenye mgahawa hataki kuambiwa, anaingia mpishi mmoja mkali, anafungua friji anaziba pua, anafoka, anamwaga, anavunja sahani, mwenye mgahawa anabubujikwa na machozi, na siku ya nne kuna rangi mpya ukutani na foleni hadi barabarani. Huyo ndiye alikuwa mtu wangu. Wale wa mashindano niliwaona wanatafuta sifa tu, lakini huyu alikuwa tabibu.

Nikarudi nyumbani na udaktari wangu, nikafikia kwa dada Zena, wa tumbo moja, aliyenitangulia kwa miaka sita. Dada ni mjane, ana mgahawa kando ya barabara kuu hapo Misugusugu: banda la bati, mabenchi, mafiga kwa nyuma, asubuhi chai na chapati, mchana wali na samaki au maharage. Mambo yalikuwa yamelegea, kwa sababu ng'ambo ya barabara mama mmoja anayeitwa Mwajuma alifungua mgahawa wa vigae na feni mbili.

"Shomari," dada aliniambia Jumapili ile niliyofika, "Alhamisi anakuja msimamizi wa hawa wanaochimba mtaro wa mabomba. Ana mafundi arobaini, anatafuta mahali pa kuwalisha mchana. Akinikubali, nitapumua. Asiponikubali nafunga, narudi shamba Marui kulima mihogo, na hiki kiuno changu kibovu unakijua."

Nikamwambia asihofu, mimi nipo. Nikamweleza vile vipindi, kimoja kimoja, huku yeye anaparua magamba ya perege.

"Sasa hao wa mashindano," akauliza, "wakimaliza kupika, chakula kinaliwa?"

"Majaji wanaonja."

"Na huyo wako mkali?"

"Huyo anamwaga, dada. Ili watu wajifunze."

"Anamwaga chakula?"

"Ni mafunzo."

"Basi mimi afadhali hao wa mashindano," akasema, "angalau kuna tumbo linalopata kitu."

Nikacheka moyoni, nikasema huyu hajatembea.

Jumatatu nikakaa pembeni na daftari, kazi ikaanza. Mchana akaingia dereva mmoja wa tipa la mchanga, mtu mkubwa mwenye sauti ya spika ya mnadani, wanamwita mzee Maganga. Akapewa wali na samaki, akatia tonge moja mdomoni, akapaza sauti banda zima likasikia: "We Mzaramo! Huu wali umeupika au umeutisha? Mbona umekakamaa hivi?"

Dada kutoka mafigani: "Kula unyamaze, Mnyamwezi wewe! Kwenu mmezoea michembe ya viazi vikavu, wali wa nazi utaujulia wapi?"

Watu wakacheka. Mimi nikaandika: mteja analalamika, mwenye mgahawa anajibu jeuri, wengine wanacheka kwa kuona haya. Jumanne: "Huyu samaki kafa lini, kabla ya uhuru?" Dada: "Kafa leo asubuhi, alipokuona unakuja." Nikaandika. Jumatano Maganga aliuliza kama mchuzi ule ni wa kula au ni lami ya kupaka mashua, na dada akamjibu kwamba kwake yeye vyote ni sawa tu, anywe aende. Nikapigia mstari mara mbili. Wallahi ilikuwa kile kipindi chenyewe, hata nilikuwa najua kitakachofuata! Mwenye mgahawa mkaidi, asiyetaka kuambiwa, anahitaji kuamshwa.

(Najua wengine wenu mmeshaanza kushika vichwa. Niacheni nimalize.)

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo sana: Jumatano jioni nilikwenda kununua aproni nyeupe. Basi. Ningebaki na fulana yangu ya siku zote ningeosha sahani nikanyamaza, lakini aproni nyeupe inampa mtu madaraka, na Alhamisi mchana, msimamizi alipoingia na watu wake sita, kijana mtaratibu ana kofia ngumu kwapani, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mikono nyuma kama balozi.

Wakakaa. Maganga alikuwa ameketi nao benchi moja, amechangamka kama bwana harusi (ndiye aliyewaleta, lakini hilo nililijua baadaye). Sahani yake ikatangulia kufika. Akala tonge la kwanza, akashika kifua, akalegea kwenye bega la msimamizi.

"Jamani nakufa! Mzaramo kaniwekea sumu! Injinia, usile, utaacha watoto!"

Banda zima likaangua kicheko. Msimamizi akatabasamu, na mimi tabasamu lile nikalisoma kuwa ni la dharau. Nikaona mafundi arobaini wanavuka barabara kwenda kwenye feni mbili. Nikapiga meza kofi.

"Mteja amesema kweli!" nikatangaza. "Siku nne anasema na hapa hakuna anayemsikiliza. Leo basi!" Nikaichukua sahani yake.

"We bwana," Maganga akasema, tonge liko hewani, "nirudishie."

"Hapana, mzee wangu. Hustahili chakula cha namna hii."

"Nastahili! Nastahili sana!"

Nikamhurumia, nikasema tazama mteja alivyozoeshwa mabaya. Nikaenda nyuma. Dada alikuwa amekwenda kwenye bomba la mbali kuchota maji, mafigani hakuna mtu, sufuria kubwa ya samaki inatokota peke yake. Nikaishika kwa matambara, nikaizungusha hadi mbele ya banda ili watu wote waone (mambo haya yanafanywa hadharani, ndiyo utaratibu), nikaiinamisha kwenye mtaro wa maji ya mvua. Perege, kambale, tui, ndimu, vyote. Nikaiweka chini sufuria, nikajifuta mikono kwenye aproni, nikasema, "Sasa tunaanza upya."

Kwenye televisheni hapo huingia muziki. Pale waliingia bata wa jirani, saba, wakaanza kula.

Kisha Maganga, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, akasema: "Mtani wangu kamwaga."

Mtani. Neno lile likanipiga kisogoni. Mimi, Mzaramo mwana wa Mzaramo, niliyelelewa na bibi aliyekuwa akinyang'anywa kuku wake na Wanyamwezi na kuwarushia mwiko huku anacheka mpaka machozi, nimesahau utani! Tangu enzi za misafara ya wapagazi Wanyamwezi na Wazaramo wanatukanana namna hii, na sheria yake kila mtoto anaijua: mtani akikiponda chakula chako anakisifu, akila kimya ndiyo uanze kuogopa. Siku nne yule mzee alikuwa anamwaga sifa, na mimi ninaziandika kwenye daftari kama mashtaka.

Maganga akapata nguvu. Akavua kofia, akakaa chini kando ya mtaro, akaanza kilio: "Ewe kambale wa Ruvu! Umetoka mtoni salama, umekuja kukutana na mwehu nchi kavu!" Mafundi wakaitikia. Malori mawili yakasimama. Simu zikatoka mifukoni. Na kwa kuwa mtani akikosewa ana haki ya kuteka, akanikamata, akanikalisha kwenye benchi kando ya barabara, akanifunga mikono kwa kamba za ile aproni, akatangaza, "Huyu mateka! Wazaramo waje wamkomboe, la sivyo namchukua hadi Tabora akachunge ng'ombe!" Kila aliyepita aliuliza kosa langu na kila mmoja alielezwa, tena kwa kirefu.

Hapo ndipo dada Zena alipotokea na ndoo ya maji kichwani. Akaitazama sufuria. Akawatazama bata. Akaitua ndoo polepole.

"Shomari. Uliuonja?"

"Nini, dada?"

"Mchuzi. Kabla ya kuumwaga, uliuonja?"

Hata Maganga aliacha kulia kusikiliza jibu. Sikuwa nimeuonja. Tangu Jumapili nilikuwa nakula maharage, kwa sababu samaki niliona niwaachie wateja, na maoni yangu yote juu ya mchuzi ule niliyatoa kinywani mwa Maganga.

"Huyo wako wa televisheni," dada akauliza taratibu, "naye huwa haonji?"

Huwa anaonja. Ndicho kitu cha kwanza anachofanya.

Wakati huo wageni saba wana njaa na mafigani kumebaki wali mkavu tu, kwani maharage yalikuwa yamekwisha. Na nani Mzaramo aliye karibu wa kunikomboa? Mama Mwajuma wa ng'ambo. Alivuka barabara na wasichana wake wawili, masinia yamejaa, akaweka moja miguuni pa Maganga, "Chukua fidia yako, mlafi, niachie ndugu yangu," na mengine akawatengea msimamizi na watu wake. Alifanya kwa wema, sina la kumlaumu, mila ndivyo inavyotaka. Lakini nilikuwa nimefungwa benchini nikimtazama msimamizi anavyokula, tonge hadi tonge, na kila tonge nikawa nalijua linakwenda wapi.

Alipomaliza akanawa, akamwendea dada.

"Mama, chakula cha mchana nitapeleka ng'ambo. Watu wangu hawawezi kukaa wanasubiri."

"Nimeelewa, baba."

"Ila huyu Maganga hajaacha kuzitukana chapati zako tangu Jumatatu, mpaka nimezitamani. Asubuhi unaweza kunilishia watu arobaini, chai na chapati?"

Dada akaufuta uso kwa ncha ya kanga. "Naweza."

"Na huyu?" Akaninyooshea kidole.

"Huyu kesho yuko Marui."

Hivyo ndivyo nilivyosikia hukumu yangu, nikiwa bado sijafunguliwa.

Ndiyo maana siku hizi ninapatikana Kisarawe, kata ya Marui, na jembe. Dada hakufunga. Chai ya asubuhi inamtosha kulipia banda, na mihogo ninayolima naipeleka yeye anaikaanga, inakwenda pamoja na chapati. Lakini mchana mabenchi yake yako wazi nusu, na wale mafundi mchana wako kwa Mwajuma chini ya feni, na kila ninapopeleka gunia naona hivyo kwa macho yangu, naye hajawahi kunikumbusha hata mara moja. Angenifokea ningepona haraka zaidi.

Kwa hiyo nimeapa: chakula cha mtu mwingine nitakisema nikishakimaliza, na nikishakimaliza sitakuwa na la kusema. Kiapo kinanishinda kidogo kidogo, siwafichi. Juzi nilishuka Kisarawe mjini kutafuta mbolea, nikaingia kibanda kimoja cha chakula, hakuna mteja hata mmoja, mama mwenyewe anasinzia, nzi wako kwenye kaunta, ubao wa bei umeandikwa ukaisha nafasi. Mkono ukaniwasha. Niliona makosa kumi na moja kabla sijakaa, na yote dawa zake ninazijua, na chakula kilipoletwa, kwa kweli chumvi ilikuwa imezidi.

"Kaka, mbona unaangaza sana macho?" yule mama akaniuliza. "Kuna tatizo?"

Nikameza.

"Hakuna, mama. Niongezee mchuzi."