Molekuli ya Shangazi

Bi Mstari hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wanafunzi wake wa chuo kikuu, kwa kuwa kila somo lake liliishia kwenye mistari. Kazi yake ilikuwa kupitisha mwanga ndani ya mrija wa kioo uliojaa gesi, kisha kuangalia ni mwanga upi umefika upande wa pili na upi umemezwa njiani. Kila molekuli ina mwanga wake inaoupenda kuumeza, na pale inapoumeza, mashine huchora mstari kwenye grafu. Ukiijua mistari umeijua molekuli, kama unavyomjua jirani kwa kikohozi chake kabla hajabisha hodi.

Shangazi yake, aliyemlea na ambaye bado aliishi naye, aliwatangazia majirani kwamba mwanawe ni daktari. Majirani wakaja na magoti yao.

"Mimi ni daktari wa molekuli," Bi Mstari aliwaeleza.

"Kwani goti halina molekuli?" Shangazi akauliza, akawavutia viti.

Miaka ile Bi Mstari alikuwa akichunguza gesi zinazotoka kwenye matunda yanapoiva. Asubuhi moja ukatokea mstari asioujua. Akaosha mrija, akapima upya. Mstari ule uko palepale, umekaa kitako kama mgeni asiyejua kuaga. Akapekua vitabu vyote, hakuuona. Akajiambia: huenda ni molekuli ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiona.

Ajabu ni kwamba fundi wa mashine akipima peke yake, mstari haukutokea.

"Kwangu hautoki, Daktari," alisema fundi.

"Inataka mkono," Bi Mstari akamjibu, kwa upole wa mtu aliyeshinda.

Sasa, kuinamia mashine kutwa nzima kulimuumiza mgongo, na kila asubuhi Shangazi alimchua kwa dawa ya kopo, kali kiasi kwamba nzi walibadilisha njia. Kadiri alivyoinama, mgongo ulizidi kuuma. Ulivyozidi kuuma, Shangazi alizidisha dawa. Na mstari ukazidi kurefuka. Bi Mstari aliamini ni matunda ya bidii. Pua yake ilishaizoea harufu ile. Maabara nzima ilinuka, lakini nani amwambie daktari mzima kwamba ananuka?

Habari zilipofika nyumbani, Shangazi alitaka molekuli ipewe jina lake. "Nimekulea, nimekusomesha," alisema. "Hata kichochoro chenye jina langu sina." Bi Mstari akakubali, akatangaza mhadhara, akaalika maprofesa.

Siku chache kabla ya mhadhara, Shangazi akaja maabara kumwona wajina wake. Kwa heshima ya shughuli alikuwa amejipaka magoti yote mawili, kiuno, na shingo kidogo kwa ajili ya safari. Akainama kwenye mdomo wa mrija.

"Yuko wapi?"

Mstari ukaruka hadi ukatoka nje ya grafu.

"Amenitambua," alisema Shangazi.

Fundi akakuna kichwa. "Shangazi, hebu rudi hadi mlangoni." Mstari ukashuka. "Njoo tena." Ukapanda. Akampeleka na kumrudisha mara kadhaa, naye Shangazi akatembea kwa madaha, akidhani ndivyo molekuli zinavyosalimiwa.

Bi Mstari akakaa chini, uso umemshuka. "Ni dawa ya mgongo," alisema.

"Nilikwambia ni kali," Shangazi akajibu, bila kuficha fahari yake.

Bi Mstari alifikiria kuuahirisha mhadhara kwa kisingizio cha ugonjwa, ila alijua akitaja ugonjwa atapakwa. Basi akasimama mbele ya ukumbi uliojaa, akaeleza yote, na grafu akaionyesha. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Aliyecheka kuliko wote alikuwa profesa mmoja mwenye ndevu ndefu, mgeni kutoka chuo kingine. Ilibidi apewe maji.

Ukumbi ulipokuwa mtupu, profesa yule akarudi kwa kunyata, akatoa mfukoni grafu iliyokunjwa.

"Mwenzangu, hebu nitazamie mstari huu," alinong'ona. "Miaka sasa unanitesa. Nimeshauandikia makala tatu."

Bi Mstari akatazama mstari, kisha akatazama ndevu, jinsi zilivyong'aa.

"Unapaka mafuta gani?" akauliza.

Profesa akazishika ndevu zake kama mtu anayeficha mali ya wizi.

Siri ya namna hiyo haifichiki. Wanasayansi wakaanza kumletea mistari yao iliyowashinda, na Bi Mstari akawatajia chanzo kimoja baada ya kingine: moshi wa dawa ya mbu, uturi wa mhasibu wa chumba cha pili, bazoka iliyotafunwa ikabandikwa chini ya meza. Aliandika kitabu kinene juu ya uchafu wa maabara, kikamtoa udaktari kikamfikisha uprofesa. Molekuli mpya hakuipata hata moja, wala hakuonekana kuijutia. Watu walikuja kutoka mbali wakiwa na aibu, wakaondoka wakicheka.

Naye fundi wa mashine, kila akisikia kuna mgeni njiani na mstari wake, alikwenda kimyakimya kufungua madirisha yote.