Somo la Figo Jikoni kwa Mama

Mama yangu hajui Kiingereza. Naliweka hili mbele kwa sababu yote yanayofuata yamesimama juu yake. Anaongea Kihaya, Kiswahili anakielewa akitaka mwenyewe, na ukimsemesha Kiingereza anacheka tu na kukuuliza kama umekula.

Mwaka ule binti wa marehemu mdogo wangu alikuwa anarudia mtihani wa kidato cha sita. Mara ya kwanza Baiolojia ilimwangusha, na bila Baiolojia hakuna chuo cha udaktari kitakachomtazama. Akajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, akabaki kule Rubya kwa mama, aliyemlea tangu hajaota meno. Mimi nafundisha somo hilohilo mjini, naishi Hamugembe, nikajitwika kazi. Kila Jumamosi nilipanda basi mpaka Muleba, nikachukua bodaboda ya kupanda Rubya, mkoba umejaa mitihani ya miaka iliyopita. Nilikuwa nimeshatamka mbele ya ukoo mzima kwamba safari hii hafeli. Hakuna aliyeniomba nitamke.

Tulisomea jikoni, kibanda cha nje kinachotazama migomba. Binti alikariri kwa sauti, mimi nikasahihisha, mama akamenya ndizi. Mimi ni mwalimu mkali, wanafunzi wangu watakwambia kabla hujawauliza.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, binti alikwama katikati ya maelezo ya mapigo ya moyo. Nikamwacha makusudi ahangaike kidogo. Mama, bila kuinua macho kutoka kwenye kisu chake, akamalizia sentensi. Kwa Kiingereza, yote, mpaka mwisho.

Tulicheka mpaka tukafuta machozi. "Bibi, na wewe tukakusajili!" binti alisema. Nikamweleza kisomi kwamba bibi ameyasikia mara ishirini, sikio limeshika, kichwa hakina habari. Niliridhika kabisa na maelezo yangu.

Jumamosi iliyofuata hatukucheka. Nilikuwa natoa karatasi mkobani, mama akaanza peke yake. Alisema habari za figo, namna linavyochuja damu, hatua kwa hatua, Kiingereza cha kitabuni kikitoka kwenye mdomo uliobakiwa na meno manne. Nikamgeukia binti. "Hii umesoma lini?"

"Mama mkubwa, mada ya figo sijaifungua bado."

Nikalichukua daftari lake, nikalipekua lote. Figo halikuwemo. Mama akaendelea, ganda baada ya ganda likidondoka kwenye ungo, kisha akakwama, akakohoa. Vikohozi vitatu vidogo vya harakaharaka, halafu akavuta pumzi na kuendelea pale alipoachia. Mama hakohoi vile. Aliyekuwa akikohoa vile kila akikwama ni mdogo wangu.

Mtihani wake wa kidato cha nne alisomea jikoni humohumo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani nasubiri chuo, nikawa namfundisha, na mama anamenya ndizi palepale. Alifeli. Hakurudia. Akabaki nyumbani, akamzaa huyu binti, akafariki kabla hajamwachisha ziwa. Kaburi lake liko kwenye kibanja, shamba letu la migomba, hatua chache nyuma ya jiko. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba alifeli kwa uvivu.

Kwa ujinga wangu nikamwambia binti ukweli. "Huyo ni mama yako anayesoma."

Kuanzia siku hiyo akaacha kusoma. Kila nilipofika nilimkuta ameketi kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, miguuni pa bibi yake, vitabu vimefungwa, anangoja. Ilibidi kungoja, maana mama ukimwomba anashangaa kweli: "Nisome nini waitu, jamani? Mimi?" Hakujua kama alikuwa amesema chochote. Ilikuja tu pale mkono uliposhika mwendo wake, kisu kikaenda chenyewe, macho yakatulia kwenye mlango kama mtu anayemtazama mwenzake aliyeketi pale. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nilijikuta nikiketi mbali na mlango ule, mimi na shahada yangu.

Zimebaki wiki nne kufika mtihani, nikaamua kumhamishia binti Hamugembe. Nilimwambia afunge mizigo.

"Siendi," alisema, taratibu tu. "Wewe ulimsikia akiwa hai. Mimi ndiyo kwanza namsikia."

"Utafeli tena."

"Nifeli."

Hasira ilinipanda. Nilikuwa na neno mdomoni, nalijua, nimelitumia darasani miaka yote. Sikupata nafasi ya kulitoa. Mama alilisema kabla yangu, kwa Kiswahili, kwa sauti nyembamba ya msichana anayejiona amesoma: "Mpumbavu wewe. Rudia kuanzia juu."

Kikohozi kikafuata, mara tatu. Figo likaanza upya. Sentensi mbili, akakwama. "Mpumbavu wewe. Rudia kuanzia juu." Safari hii kikohozi kilikuja kikiwa na kilio ndani yake. Mama aliendelea kumenya.

Binti alimtazama bibi yake, kisha akanitazama mimi. "Huyo mwingine ni nani?"

Ningeweza kudanganya. Aliyekuwepo siku zile na bado yuko hai ni mama tu, naye hajui anachosema.

"Ni mimi," nikasema.

Nikamsimulia. Kwamba mama yake hakuwa mvivu, alikuwa ananiogopa. Kwamba wiki ya mtihani hakutaka hata kulifungua daftari mbele yangu, nami nikaona ni kiburi. Nililia, na sikujali. Nikasema samahani, sijui nilimwambia nani, binti au mlango ule. Mama alisimama na ungo wake, akauliza kama ndizi zinatosha.

Binti alifunga mizigo. Hamugembe tulisoma wiki nne, na akikwama nilikwenda kuchemsha chai mpaka akwamuke mwenyewe. Siku ya Baiolojia alirudi amechoka, akakaa kwenye ngazi.

"Swali la figo lilikuwepo," akasema. "Nilisahau kila kitu. Halafu nikakohoa."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Msimamizi akaniangalia." Akavua viatu. "Likaja lote."

Alifaulu. Sasa yuko chuoni, mwaka wa pili wa udaktari, na akipiga simu anaulizia kwanza afya ya bibi, kisha yangu.

Mimi bado naenda Rubya kila Jumamosi. Hakuna wa kumfundisha. Naketi kwenye nyasi, siku hizi karibu na mlango, mama anamenya, na mkono ukishika mwendo vinakuja: figo la mdogo wangu, vikohozi vyake, mapigo ya moyo ya binti yake, na sauti yangu, daima kali. Siku ile niliyosema samahani mama alikuwepo, kisu mkononi, anasikia kila neno. Ninangoja aifikie samahani ile. Kila akikaribia mwisho ninajikaza, naye anarudi juu, anaanza tena: mpumbavu wewe.