Kuni za Matubwitubwi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, mwaka wa 1993, mashavu yangu yalivimba mpaka ndewe za masikio zikainuka, na Susu akanionya nisikaribiane na mwanamume yeyote. Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Ndiye aliyenilea, kwenye shamba letu dogo kando ya barabara ya Isinya, enzi ambazo Kitengela ilikuwa maduka machache na nyumbu walivuka lami bila kumwogopa mtu. Wazazi wangu walifanya kazi Nairobi, nasi tuliwaona mwisho wa mwezi.

Nyumba ya pili pale bomani ilikuwa ya Anko Mutua, kitinda mimba wa Susu, na mkewe Anti Mbithe. Walikuwa wameoana miezi minne tu. Anko alikuwa mtu wa mzaha, na ugonjwa wangu ulimpa kazi. Aliniita Chifu kwa sababu ya shingo, kisha akaketi kando yangu na kumaliza uji niliokuwa nimeshindwa kuumeza, akitumia kikombe changu kilekile.

"Mutua, toka hapo!" Susu alimfokea. "Hii matubwitubwi si ya wanaume. Ikipata mtu mkubwa inashuka."

"Inashuka inaenda wapi, Mama? Isinya?"

Alicheka mpaka akapaliwa na uji. Susu hakucheka.

Siku ya nne, jua likikaribia kuzama, Susu alinitwika kichwani mzigo mdogo wa kuni na kunipeleka nyuma ya boma la majirani zetu Wamasai, mahali uliposimama mti uitwao muvuti. Ulikuwa peke yake kwenye uwanda ule. Hata mbuzi hawakulala chini yake, au ndivyo tulivyoambiwa sisi watoto. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, na haukuwa na jani hata moja, maua mekundu tu kwenye ncha za matawi na miiba mikubwa kwenye gamba la shina.

"Huu mti unachukua," Susu aliniambia kwa sauti ya chini. "Utazunguka mara saba, uambie, nimekuletea kitu yako. Halafu uweke kuni hapo. Ukitoka usiangalie nyuma, na usiongee na mtu mpaka kesho jua itoke."

"Na kuni?"

"Haziokotwi. Mwenye atawasha hizo kuni atachukua ugonjwa yako, yote."

Yeye alitangulia kurudi, kwa sababu jambo lile sharti mgonjwa alifanye peke yake. Nilizunguka. Kwenye mzunguko wa tano upepo ulikoma, na kengele za ng'ombe zilizokuwa zikisikika mbali zikanyamaza zote kwa pamoja. Niliposema maneno yangu, nilihisi kwa hakika kabisa kwamba nimesikika. Sina namna nyingine ya kulieleza jambo hilo, na nimelijaribu mara nyingi. Niliutua mzigo nikaanza kwenda nyumbani, nikizihesabu hatua zangu ili nisikimbie.

Kisha nyuma yangu kijiti kikavunjika. Niliangalia.

Alikuwa Anko Mutua, aliyekuwa akitoka kazini kwa njia ya mkato. Alisimama chini ya mti akauangalia ule mzigo mkavu, uliofungwa vizuri, usio na mwenyewe. Akainama, akauweka begani. Nilifungua kinywa nimwite, kisha nikakifunga. Nilikuwa na miaka minane na nilitaka kupona.

Jioni ile Anti Mbithe alipika chai kwa kuni zile. Zilishika moto haraka mno, na moshi wake ulikaa chini, ukatambaa sakafuni badala ya kupanda. Susu alikuwa nje akifunga kuku. Mimi nilikataa chai. Anko alikunywa vikombe viwili, akanigeukia akasema, "Chifu, leo umenyamaza hivi, umenunuliwa?"

Kesho yake mashavu yangu yalianza kunywea. Baada ya wiki mbili na siku kadhaa, Anko aliamka na uso mpana.

Mwanzoni alijitania mwenyewe. Wiki iliyofuata mzaha ulikwisha. Homa ilimpanda, akalala chali miguu mbalimbali na shuka likiwa limeinuliwa kwa kiti lisimguse. Anti Mbithe alikuwa akiingia na kutoka na vitambaa vya maji baridi. Nilikuwa mlangoni Susu alipotoka mle chumbani. Alisimama akiangalia upande wa muvuti, ambao kutoka kwetu hauonekani, akasema peke yake, "Imeshuka. Pande zote mbili." Sikumsikia tena akiongea kwa sauti ile.

Anko alipona kabla ya Krismasi. Siri yangu nikaizika, nikadhani mambo yamekwisha.

Mwaka ukapita, na wa pili, na Anti Mbithe hakushika mimba. Ndipo Susu alipoanza kuchunguza kamba ya nguo. Zamani zile wanawake wengi kwetu walitumia vitambaa siku zao za mwezi, wakavianika chini ya leso ili visionekane. Kila mwezi, Anti akishaanika, Susu alipita kama anayeenda kwa kuku, akaiinua ile leso kwa vidole viwili, akaangalia, akaiachilia. Anti alikuwa akimwona kutoka dirishani, nami nilikuwa nikimwona Anti. Baadaye zikaja dawa za mizizi, chungu, ambazo alizinywa amesimama kizingitini mwezi ukiandama, huku Susu akimsimamia mpaka tone la mwisho. Majirani wakaanza kusema ana tumbo baridi. Alikuwa mwanamke mwenye sauti nzuri ya kuimba, na sikumbuki ni mwaka gani hasa alipoacha kuimba.

Mwaka wa 2001 nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana upande wa Kajiado. Madam wa bayolojia, mwanamke mfupi asiyekuwa na haya hata kidogo, alichora mwili wa mwanamke ubaoni, na wa mwanamume kando yake. Sisi tulijificha nyuma ya vitabu tukicheka. Alitusubiri tumalize. Alituonyesha ovari mbili ambapo mayai hukomaa, kwa kawaida moja kila mwezi, na mrija unaolipokea na ambamo mbegu ya mwanamume hulikuta. Akaeleza jinsi mji wa mimba unavyojitandikia utando laini kila mwezi kumngoja mgeni, na mgeni asipofika, utando ule hubomoka na kutoka kama damu.

"Kwa hivyo mtu anayeona siku zake kila mwezi bila kukosa," alisema, "hiyo ni dalili kubwa ya kwamba mwili wake unafanya kazi."

Niliwaza kamba ya nguo. Niliwaza leso ikiinuliwa kila mwezi, miaka minane, na Susu akisoma pale hukumu, wakati kilichokuwa kimeandikwa pale kilikuwa utetezi.

Kisha akahamia kwenye mchoro wa pili. Korodani, alisema, huning'inia nje ya mwili kwa sababu mbegu hutengenezwa kwenye vijirija vyembamba kuliko uzi, ambavyo havitaki joto la ndani. Viko vitu vinavyoweza kuviharibu vijirija hivyo. Mkono wangu uliinuka kabla sijaamua.

"Madam, kama matubwitubwi?"

"Ndiyo. Yakimpata mtu mzima yanaweza kushuka huko. Mara nyingi ni upande mmoja, na anapona. Mara chache ni pande zote, na hapo mbegu zinaweza kwisha kabisa. Mwanamume huyo ukimwona ni mzima, ana nguvu zake zote, ila mtoto hapati. Ndiyo maana mtoto akikosekana wanapimwa wote wawili."

Niliuliza pia ugonjwa huo unavyoambukizwa. Kwa mate, alisema, na kwa pumzi, na kuchangia vyombo. Mwingine angefurahi kwamba mti haukuwa na hatia. Sikufurahi. Kuni hazikufanya lolote. Kikombe ndicho kilichofanya, na kikombe kilikuwa changu.

Likizo ya Aprili nilifika nyumbani Alhamisi na kukuta imekwisha amuliwa kwamba Jumamosi Anti Mbithe arudishwe kwao, Anko aoe mwingine. Jioni ile nilimfuata Susu jikoni nikamweleza yote, mbegu, vijirija, homa. Alikuwa akichambua maharagwe. Hakuacha kuchambua.

"Hiyo umeenda kusomea?" aliuliza. "Mimi nilijua hiyo siku yenyewe. Hiyo kamba nilikuwa naangalia nikiomba nikuwe nimekosea."

"Sasa kwa nini Anti..."

"Ndunge, sikiza. Mutua akiitwa hivyo, amekwisha. Hawezi kaa na wazee. Huyu ni mwanamke, anaweza enda mahali pengine aanze. Nani ataumia zaidi?" Akaniangalia. Mwanga wa jiko ulimpiga usoni kutoka chini, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwogopa yeye, si mambo aliyoniambia niyaogope. "Hautasema."

Sikusema. Jumamosi nilimsindikiza Anti mpaka barabarani, tukaongea juu ya mitihani yangu.

Nilikutana naye tena miaka sita baadaye, nilipotumwa kikazi Mashuuru. Alikuwa na kibanda cha chai sokoni. Msichana wa miaka kama minne alikuwa amekaa kwenye kreti akila mandazi, na Anti mwenyewe alikuwa na mimba kubwa. Alinikumbatia mpaka akalia, akanikalisha, akaniuliza habari za watu mmoja mmoja, mwishowe akafika alipotaka kufika.

"Na Mutua? Alioa?"

"Alioa."

"Wako na watoto wangapi?"

"Hakuna."

Aliweka birika chini. Aliangalia tumbo lake, akaniangalia mimi, na nikaona jambo linavyomwingia.

"Mlikuwa mnajua?"

Ningeweza kusema nilikuwa mtoto. "Susu alijua tangu mwanzo," nikamwambia. "Mimi nilijua nikiwa shuleni, kabla uende."

Alimfuta mtoto makombo ya mandazi mdomoni. "Watu hapa wakiniuliza vile nilitolewa kwa hiyo boma," alisema, "huwa nawaambia kulikuwa na msichana mmoja pale, huyo alikuwa upande wangu."

Kisha mteja akaita chai, akainuka kwenda kumhudumia, na hakurudi kuketi.

Susu amekwisha kufa, na Anko amezeeka bila mtoto. Hadithi ya muvuti nimewasimulia watu wengi, kwenye matanga na kwenye harusi, na huwa wanashika vifua vyao pale kuni zinapowaka. Siku zote nimeimalizia pale Anko alipougua, kwa sababu hapo mimi bado ni mtoto.