Magharibi Katika Hori la Hekalu

Mjukuu wangu Salma, mzaliwa wa Aston, mtaa jirani na wetu, alikwenda kaskazini ya mbali kusomea barafu. Siku moja aliniambia kwa simu, "Babu, huku kuna miezi minne jua halizami." Basi anasali Magharibi saa ngapi? Au ameacha? Niliogopa kumuuliza, nisije nikasikia jibu. Mke wangu, Bi Zuhura, alinicheka: "Una wasiwasi? Panda ndege ukaone." Mwezi wa Juni nikatia msala mkobani, nikatoka mtaani kwetu Lozells.

Baada ya ndege tatu nilifika Longyearbyen, mji mdogo chini ya milima isiyo na mti hata mmoja. Salma alinipokea na koti zito. "Shikamoo, Babu. Vaa, usije ukaganda nikakusomea wewe."

Kesho yake jioni tulipanda boti. Salma alinionesha njia kwenye mkono wangu mwenyewe: Isfjorden, yaani hori la barafu, bahari iliyopenya kati ya milima, ni kuanzia begani, Sassenfjorden ni kigasha, Tempelfjorden, tuendako, ni kiganja. Huko mlima ulisimama juu ya maji, matabaka yake ya mawe yamelala sawasawa, nguzo zimechongeka ubavuni. Nahodha, mama wa Kinorwe, alieleza na Salma akafasiri: waliouona zamani waliona hekalu, wakauita hivyo, na hori likafuata jina la mlima. Mwisho wa hori mto wa barafu ya buluu ulikatika ukanguruma. Subhanallah!

Saa nne usiku, tukirudi, nilikuwa nimelikodolea macho jua. Nahodha akauliza jambo.

"Anauliza unasubiri nini, Babu."

"Magharibi iingie."

Salma alicheka hadi akashika ukingo wa boti. "Utasubiri mpaka mwezi wa nane!"

Nami nikacheka. Masuala haya ya nyakati za sala nimeyasomesha chuoni, madrasani, miaka mingi, lakini macho yana mazoea yake. Ndipo nikathubutu: "Na wewe, mwanangu, unafanyaje?"

Akatoa simu. Picha ya kalenda ya msikiti, ina doa la mafuta ninalolijua: ile ya jikoni kwetu.

"Bibi hunitumia kila mwezi. Nafuata saa za Lozells. Bado nusu saa."

Nusu saa ilipotimia nahodha alipunguza mwendo, tukasali jua likitupiga mgongoni.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Bi Zuhura, "Kumbe ulijua!"

"Nilijua. Ningekwambia, ungekwenda?"

Nisingekwenda. Alhamdulillah kwa hofu iliyonifikisha kwenye hekalu lisilojengwa na mtu, nikamkuta mjukuu wangu anasali.