Dude Lenye Jina la Baba

Kila aliyewahi kushika gemu ananiambia ule mchezo maarufu wa kufuga madude ndio baba wa yote. Sitaki. Nimeucheza mpaka mwisho na bado sitaki.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha, tumepanga chumba Majengo, Meru, nyuma ya bucha. Nilikuwa na mtoto anayenyonya, na kimashine cha gemu cha mkononi nilichoachiwa na mwalimu wa kigeni niliyekuwa nikimfulia nguo. Kilikuwa na kaseti moja, ya mchezo ambao hakuna aliyeujua. Unapewa yai, linaanguliwa, dude linatoka, unalipa jina. Unalilisha, unalikemea, unalipeleka kupigana. Linazeeka. Linakufa na kukuachia yai lingine.

Mtoto wetu alipewa jina la babake mume wangu, kama desturi. Zamu ya baba yangu ni mvulana wa pili, na huyo hakuwa ameonekana. Kwa hivyo dude langu nililipa jina la baba.

Siku moja shemeji yangu, anayefunga miraa kwa majani ya migomba kule Laare, akaja na kaseti ya ule mchezo maarufu. Ameshaumaliza, anataka tubadilishane.

"Shem, huu ndio wenyewe. Huku hakuna kufa. Dude likipigwa linazimia tu, unalipeleka kliniki, linaamka."

"Kliniki ya bure?"

"Bure kabisa."

"Na foleni?"

"Foleni ya nini?"

"Basi aliyeutunga hajawahi kubeba mtoto mwenye homa."

Akaniachia niujaribu. Utamu upo, sikatai. Madude ni mengi, unayawinda kwenye nyasi mpaka unasahau sufuria jikoni. Lakini kuna mama mle ndani. Mwanawe anaondoka nyumbani bado mdogo, na yeye kazi yake ni kubaki pale mezani. Nilikasirika kweli. Na jina unaweza kubandika hata huko, lakini jina lisilokufa litarithiwa na nani?

Nikarudi kwa langu. Nilikuwa nikilisemesha, mama mkwe yuko mlangoni anachambua maharagwe.

"Wewe, unamwita nani hapo?"

Nikamwonyesha, nikamweleza linavyozeeka na kufa.

"Umempa mnyama jina la mzazi wako, na yuko hai? Na huyo mnyama atakufa? Unamtakia nini babako?"

Jioni mume wangu akatoa hukumu: kaseti yangu itaenda Laare na shemeji Jumamosi. Nikamwambia aifunge pamoja na mimi kwenye majani ya migomba, tuondoke na miraa.

Kabla ya Jumamosi baba akafika kutoka Runyenjes kuona mjukuu, redio yake ndogo mfukoni. Hajamaliza hata chai, mama mkwe akamweleza yote. Mimi nimesimama na kimashine mkononi. Mume ningepigana naye, mama mkwe vilevile. Lakini baba akiumia moyo, kaseti ningeitoa mwenyewe.

"Lete nione," baba akasema. Akatazama sana. "Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye."

"Mbona ana mkia?"

"Walinipa hivyo."

"Na amezeeka."

"Amezeeka. Akifa ataacha yai, na hilo yai nitalipa jina lako tena."

Baba akamgeukia mama mkwe. "Mama, na huyu mtoto wetu, jina lake si lilikuwa na mwenyewe?"

Mama mkwe akatazama kitandani. Mumewe alikuwa kaburini, na jina lake lilikuwa pale kitandani likililia titi.

Kioo kikaanza kufifia. Mawe yangu ya betri nilikuwa nimeyaanika juu ya mabati tangu asubuhi yapate nguvu kidogo, na bado yalikuwa yamekwisha. Baba akafungua redio yake, taarifa ya habari ikiwa karibu, akayatoa yake.

"Mlishe kwanza," akasema. "Anaonekana ana njaa."

Jumamosi shemeji alirudi Laare na kaseti yake ya kliniki ya bure.